Mbwa wa Getini Akiugua: Pua Yake Haisemi Kweli



Najua wapo watakaokunja uso kwa mada ya leo. Nivumilieni, kwani mwisho wake mtaona kwa nini nimeileta.

Mwari anapotiwa ndani, somo wake humfunza mengi. Humfunza kufukiza udi, kutandika kitanda, kumpokea mume, kukaa na mama mkwe kwa adabu, twahara ya hedhi na janaba. Sanduku lake hujazwa kanga, marashi, vikuba na hina. Lakini sijapata kumsikia somo akisema: mwanangu, huko unakokwenda getini pana mbwa, na siku atakapougua huenda mume wako hayupo, basi ufanye hivi na hivi.

Na mbwa wapo. Wapo mashambani Unguja na Pemba, penye ng'ombe na mbuzi ambao wezi huwamezea mate. Wapo kwenye nyumba mpya za pembezoni mwa mji, zenye ukuta mrefu na geti la chuma. Wapo kwenye nyumba za wageni za Paje na Jambiani, ambako waume na kaka zetu wanafanya kazi. Na wenzetu wanaoolewa Dar es Salaam, au wanaovuka bahari wakaenda Uingereza, huko ndiko wanakowakuta kila mlango wa pili.

Mimi niliolewa kwenye nyumba ya shamba. Kuna ng'ombe wawili wa maziwa, mbuzi, kuku, na mbwa mmoja wa rangi ya udongo aitwaye Simba. Mchana hufungwa chini ya mwembe, usiku hufunguliwa akazunguka boma. Mume wangu kazi yake ni ya safari, mara Dar, mara Tanga. Akiondoka, mlinzi wetu baada ya Mwenyezi Mungu ni huyo Simba. Kwa hiyo afya yake si jambo dogo nyumbani kwetu, na nimejifunza kuijua kama ninavyojua ng'ombe akikataa majani.

Pua si kipimo

Kila mtu unayemuuliza atakwambia hili: mshike pua. Ikiwa baridi na mbichi, mzima. Ikiwa kavu na moto, ana homa.

Daktari wa mifugo aliyekuja kumchanja Simba, mama mmoja mwenye buibui yake na glavu zake, alicheka niliposema hivyo ndivyo watu wasemavyo. Akanieleza kwamba pua ya mbwa hukauka akilala, hukauka akikaa juani, hukauka kwa uzee tu. Na mbwa mwenye homa kali anaweza kuwa na pua mbichi kabisa, kwa sababu anajilamba. Pua inakwambia habari za pua.

Masikio na tumbo nayo hayatoshi. Watu hugusa sikio, wakaona moto, wakasema anaumwa. Hapa pana jambo ambalo wengi hatujafundishwa: mwili wa mbwa kwa asili yake una joto kuliko wetu. Mkono wako una joto la binadamu, kwa hiyo kila ukimgusa mbwa mzima utamwona moto. Ni kama kutaka kujua chai imepoa kwa kulinganisha na maji ya mtungi. Chai itakuwa ya moto siku zote.

Nambari za kuandika ukutani

Sisi binadamu joto letu la kawaida ni kama nyuzi 37. Mtoto akifika 38.5 tunahangaika naye usiku kucha.

Mbwa mzima yuko kati ya nyuzi 38.3 na 39.2. Maana yake ile 38.5 inayotutoa machozi kwa mtoto, kwa mbwa ndiyo afya yenyewe.

Akipita 39.4, na akiwa ametulia kivulini, hiyo ni homa. Mpigie daktari.

Akifika 40 na zaidi, usingoje kesho kuona itakuwaje, wala usijipe moyo kwamba atapoa.

Akifika 41, hiyo ni hatari ya roho. Viungo vya ndani huanza kuharibika.

Na akishuka chini ya 37.5 hali yake ikiwa mbaya, nayo ni hatari, kwani mwili unazimika. Isipokuwa jike aliye karibu kuzaa: joto lake hushuka siku moja hivi kabla ya uchungu, na hilo ni la kawaida.

Nambari hizi mimi nimeziandika kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mlango wa stoo, pamoja na namba ya simu ya daktari. Kila anayekaa nyumbani anajua zilipo.

Kumpima, na kubaki na twahara yako

Hapa ndipo wanawake wengi wa Kiislamu tunapokwama. Tunasema, mimi ninasali, nitamgusaje? Basi tulizungumze waziwazi.

Sisi wengi wetu visiwani tunafuata madhehebu ya Imam Shafi, na kwetu mbwa ni najisi nzito. Palipopata mate yake au umajimaji wake pataoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Wenzetu wa madhehebu ya Imam Malik wanamwona mbwa aliye hai kuwa ni twahara. Mimi nafuata ya kwetu, na ya kwetu ndiyo ninayoieleza.

Sasa yako mambo matatu ambayo mtu akiyajua hofu humpungua. La kwanza, kikavu kwa kikavu hakihamishi najisi. Mbwa mkavu akipita akagusa nguo yako kavu, huna la kuosha. La pili, kugusa najisi hakutengui udhu. Unaosha pale palipoingia najisi, basi; udhu wako uko palepale. La tatu, najisi maana yake ni kitu cha kuoshwa, si kiumbe cha kuonewa. Sharia imetufundisha namna ya kujisafisha kwa sababu inajua kwamba tutakutana nayo. Mama anayemsafisha mtoto mchafu, muuguzi anayeshika damu, wote wanashika najisi, kisha wanaosha, kisha wanasali.

Kwa hiyo mimi nina kopo lake Simba. Ndani yake mna kipimajoto cha betri, cha bei ndogo, cha duka la dawa, nilichokifunga uzi mwekundu kisije kikachanganywa na cha watoto. Mna glavu, mafuta ya mgando na kitambaa. Kopo hilo linakaa stoo ya nje, haliingii ndani ya nyumba. Nina na dera langu la zamani la kazi hiyo, ninalivua hukohuko uani.

Vile vipimajoto vya kuelekezewa kwenye paji la uso, vilivyotuzoea wakati wa korona, kwa mbwa havifai. Manyoya yanaziba. Vya kioo vyenye zebaki navyo viache. Mnyama akijitupa kitavunjika. Cha betri ndicho.

Njia ya kweli ni moja, nayo ni njia ya haja kubwa. Fanyeni hivi:

Kwanza, mwacheni apumzike kivulini nusu saa. Mbwa aliyetoka kukimbia au kubweka sana joto lake hupanda bila ugonjwa wowote.

Pili, muwe wawili. Mmoja amjuaye amshike kichwa na kifua, amsemeshe taratibu. Kwetu huyo ni kijana anayekama ng'ombe, ambaye Simba anampenda kuliko sisi sote. Mbwa usiyemzoea usimguse, na mwenye tabia ya kuuma afungwe mdomo kwa kitambaa laini, asibanwe pua, na asiachwe nao muda mrefu. Akiwa anatweta au anatapika, usimfunge mdomo kabisa.

Tatu, vaa glavu, paka ncha ya kipimajoto mafuta ya mgando, inua mkia, kisha ingiza polepole kiasi cha sentimita mbili na nusu tu, yaani kama pingili ya kwanza ya kidole gumba. Usilazimishe. Kishikilie wewe mwenyewe mpaka kilie.

Nne, soma, uandike nambari na saa. Kumbukumbu ya usiku huwa si ya kuaminika.

Tano, futa kipimajoto, kisafishe kwa spiriti, kirudishe kwenye kopo. Glavu zitupe. Kisha osha palipohitaji kuoshwa kwa namna tuliyoisema. Ukimaliza kusoma aya hii unajua zaidi ya wengi wanaofuga.

Nakupa nasaha moja ya dhahabu aliyonipa yule daktari: mpime akiwa mzima. Siku tatu mbalimbali, asubuhi. Kila mwili una kawaida yake. Simba kawaida yake ni 38.6. Kwa kuwa naijua, siku anapobadilika silazimiki kubahatisha.

Wiki ya harusi ya wifi yangu

Ilikuwa mwaka jana, wiki ya harusi ya wifi yangu mdogo. Mnajua nyumba ya harusi ilivyo. Wageni kutoka Pemba wamelala mpaka ukumbini, masufuria ya pilau uani, watoto wanakimbizana, hina inapakwa, ngoma haijaisha na maulidi yanakaribia. Mume wangu alikuwa Tanga, arudi siku moja kabla ya nikaha.

Usiku ule wageni walipitapita geti likiwa wazi, na Simba hakubweka. Kila mtu alifurahi. Wakasema ameshiba mifupa, leo amejua kuna harusi. Mmoja wa shangazi akamwangalia kwa mbali chini ya mwembe akasema mbona pua inang'aa, mzima huyo, amelala tu.

Mimi niliona bakuli lake la jioni limejaa kama nilivyoliweka. Nikaona amejikunja hali usiku haukuwa wa baridi, na mgongo unamtetemeka. Nilipomwita aliinua macho, kichwa hakukiinua. Mbwa ambaye huruka akisikia kopo la chakula tu.

Nikamwita yule kijana, nikavaa dera langu la uani, nikatoa kopo. Mbele ya wageni wa harusi, ndiyo. Kuna walionong'ona. Mke wa fulani, ana hina mikononi, anampima mbwa homa! Kipimajoto kikalia: 40.4.

Nikampigia daktari. Ilikuwa saa nne usiku. Hakuniuliza pua. Aliniuliza nambari, akauliza kawaida yake ngapi, akauliza anakunywa maji au hakunywi, fizi zake zina rangi gani. Nikainua mdomo kwa glavu, nikamulika na simu. Fizi za mbwa mzima ni za waridi, na ukizibonyeza kidogo zinakuwa nyeupe kisha rangi inarudi upesi, kabla hujahesabu mbili. Zake zilikuwa zimepauka. Akauliza, mtazame baina ya vidole na nyuma ya masikio. Kupe walikuwamo, wamevimba kama punje za mbaazi.

Akasema, mpe maji, mweke penye hewa, usimpe dawa yoyote, mpime kila baada ya saa mbili, akifika 41 nipigie nije hata usiku wa manane. Alfajiri mapema niko kwenu.

Sasa nifikie jambo lililonifanya niandike yote haya. Mama mkwe wangu ni mtu wa dini sana, wa zama za chuo na mkeka. Hamwiti Simba kwa jina; humwita "yule wa nje". Miaka yote sijamwona akikaribia mwembe ule. Usiku ule alikuwa amekaa barazani na tasbihi yake, hakusema neno. Nilipomaliza mara ya kwanza nikaelekea bombani, nilikuta pameshawekwa ndoo ya maji, kata, na kopo lililojaa udongo mkavu uliochekechwa. Kanga kavu imetundikwa juu ya kamba. Nikageuka kumtazama. Akasema tu, "Osha mwanangu, kisha ukampime tena yule wa nje. Usimwache."

Wale waliokuwa wakinong'ona walinyamaza. Maana hapo ilionekana dini nzima: kopo moja la udongo, na roho moja inayohitaji kuangaliwa. Kimoja hakikumfukuza mwenziwe.

Daktari alikuja kabla jua halijatoka, akachukua damu. Ilikuwa homa ya kupe, ugonjwa wa vijidudu vinavyoingia kwenye damu mbwa akiumwa na kupe. Alimwanzishia antibiotiki ya kutumia wiki nne, na dawa ya kuua kupe. Alisema angalichelewa siku chache, damu ingemtoka puani, na hapo huwa ni kazi ngumu. Siku ya pili joto lilikuwa 39.5. Siku ya tatu 38.8. Siku ya nikaha bwana harusi alipoingia na wazee wake, Simba alibweka mpaka kadhi akacheka.

Usimpe Panadol

Usiku uleule kijana mmoja wa duka la dawa, kwa nia njema, alimwambia mtu wetu ampe mbwa Panadol mbili, homa itashuka. Dada zangu, dawa zetu za homa na maumivu si za wanyama. Ibuprofen na diklofenaki humtoboa mbwa tumbo na kumwua figo. Panadol bila kipimo cha daktari humharibu ini na damu. Na kwa paka ndiyo balaa kabisa: kidonge kimoja tu kinaweza kumuua. Nyumba zetu nyingi zina paka kuliko mbwa, basi mlishike hilo.

Homa yenyewe si adui. Ni mwili unapigana. Kinachotakiwa ni kujua unapigana na nini, na hilo ni la daktari.

Joto la jua si homa

Kuna jambo jingine linalofanana na homa na silo. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Kidogo tu nyayoni. Hujipoza kwa kutweta, ulimi nje. Ukimfunga juani saa nane mchana, kwenye kaskazi lenye unyevu, bila maji, mwili wake hupikika. Hatetemeki kama wa homa. Anatweta bila kupumzika, mate yanakuwa mazito, fizi nyekundu, anayumba, anaanguka.

Huyo hangoji kipimo. Mtoe juani saa hiyohiyo, mmwagie maji ya kawaida ya bomba tumboni, mapajani na nyayoni, mpepee, mpe maji anywe kidogo kidogo kama ana fahamu. Barafu usimwekee. Akikaribia 39.5 acha kumwagia asije akapoa kupita kiasi, kisha umpeleke kwa daktari hata akionekana amepona.

Mbwa wa kufungwa anahitaji kivuli kinachohama na jua. Mwembe unaomfunika asubuhi huenda saa tisa umemwacha. Hili ni jambo la kuangalia kwa macho tu, halitaki elimu.

Huyu usimpime

Yuko mbwa mmoja ambaye sitaki mwanamke yeyote amsogelee na kipimajoto. Ni yule aliyebadilika tabia ghafla: mpole amekuwa mkali, au mkali amekuwa kama mlevi, anatokwa mate mfululizo, taya limelegea, hawezi kumeza, sauti imebadilika, anauma hata mti. Hiyo inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Funga watoto ndani, mfungie asitoke kama unaweza bila kumkaribia, na uwaite watu wa mifugo.

Aliyeumwa au kulambwa penye jeraha, jeraha lioshwe saa hiyohiyo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyohiyo apate chanjo. Msisubiri muone mbwa atakuwaje. Dalili zikishamtokea binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini chanjo ikiwahiwa, inaokoa. Na mbwa wa nyumbani achanjwe kila mwaka. Hiyo ndiyo kinga ya watoto wenu kabla ya kuwa kinga yake.

Amana iliyo getini

Hatufugi mbwa kwa mapambo. Mtume wetu (S.A.W.) ametukataza kumfuga ila kwa haja kama kuwinda, kulinda mifugo na kulinda shamba, na wanavyuoni wengi wamelinganisha na hapo kulinda nyumba. Mwenye shaka na hali yake amuulize shekhe wake. Lakini akishakuwapo, amefungwa kamba na sisi. Hawezi kwenda kujitafutia maji, wala dawa, wala kivuli. Tumemchukulia njia zake zote, basi mahitaji yake yako shingoni mwetu.

Sote tumesomeshwa chuoni habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akakishika kwa meno akapanda, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo mbichi kwa kiu. Mwenyezi Mungu akamshukuru na kumsamehe. Masahaba walipouliza kama kwa wanyama nako kuna ujira, Mtume (S.A.W.) aliwajibu kwamba kwa kila chenye uhai upo. Na tumesomeshwa habari ya mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie, akaingia motoni kwa sababu hiyo. Kosa lake lilikuwa kamba na kusahau.

Katika Suratul Kahf, Mwenyezi Mungu amewataja wale vijana wa pangoni, na hakumwacha mbwa wao. Amemtaja alivyokuwa amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Hakuwa ndani pamoja nao. Alikuwa pale mlangoni, mahali pake, analinda. Kila ninaposoma sura hiyo siku ya Ijumaa napita hapo taratibu.

Basi wewe bibi harusi unayetayarisha sanduku lako, uliza mapema: nyumba ninayokwenda ina mnyama? Analala wapi, anakunywa nini, amechanjwa lini, daktari wake nani? Kama ni paka, joto lake ni kati ya 38.1 na 39.2, na njia ya kumpima ni ileile, ila shika kucha zake. Kama ni mbwa, mwambie mume wako akuoneshe akiwa naye, akuzoeshe harufu na sauti yako, msije mkafahamiana siku ya ugonjwa. Nunueni kipimajoto cha uzi mwekundu. Wekeni kopo la udongo safi karibu na bomba la uani, likae hapo siku zote.

Mwenyezi Mungu atutilie huruma nyoyoni mwetu, azihifadhi nyumba zetu na vilivyomo na vilivyoko milangoni, na azijaalie ndoa zetu mapenzi na rehema. Amin.

Wabillahi tawfiq.